Kicheko cha Mkereketwa

Hakuna kikao cha wakereketwa wa Kiswahili nchini Kenya kinachomalizika bila kicheko. Chai ikishamiminwa, mmoja hukumbuka mwanasiasa aliyesimama jukwaani akawaomba wananchi wampe "kula". Wa pili hudakia kwa kisa cha mwalimu aliyewatangazia wazazi kwamba "vitabu zimefika". Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye bingwa wa kuigiza, huinuka akamwiga bawabu anayemweleza mgeni kwamba mkubwa wake "ameludi samba". Watu hucheka hadi machozi yakawatoka. Ni kicheko kitamu, na si haki kudai kwamba kimejaa chuki. Asiyeipenda lugha haoni kasoro zake; anayecheka ni yule ambaye sikio lake limenolewa na mapenzi ya miaka mingi. Hata hivyo, utamu wa kicheko si hoja. Hapana budi kuuliza kinamcheka nani, kwa kipimo kilichotoka wapi, na gharama yake inalipwa na nani.

Na tuanze na bawabu. Wengi katika wanaocheka hawatambui kwamba mwigizaji wao ametia matamshi ya jamii mbili au tatu katika kinywa kimoja. Bawabu huyo hayupo popote duniani. Kikuyu kina sauti moja tu ya jamii hiyo, nayo ni r; hakina l. Kikamba kina l, hakina r. Dholuo haina sh wala z, ndiyo sababu shamba huwa "samba". Lugha za Kikalenjin hazizitumii p na b, t na d, wala k na g kutenganisha maana za maneno, kwa hivyo sikio la mzungumzaji wake halijapata kufundishwa kuzitofautisha. Kikuyu hakiipokei d isiyotanguliwa na n, na daktari alipoingia katika lugha hiyo akawa ndagĩtarĩ. Kila moja ya hizo zinazoitwa kasoro, na ambazo vijana wa mijini wamezibandika jina la kushrabu, ina kanuni yake, na kanuni hiyo inaweza kutabiriwa na mwanafunzi yeyote aliyepita darasa la kwanza la fonolojia. Mtu anayesema "kula" badala ya kura hakukosa akili. Amesikia sauti mbili pale ambapo lugha ya mama yake imempa moja, naye ametumia aliyo nayo.

La kustaajabisha ni kwamba Kiswahili chenyewe kilifanya hayo hayo, tena bila haya. Kiarabu kina s mbili na h mbili zinazotenganishwa barabara. Kiswahili kilizipokea kikabaki na s moja na h moja, na hakuna mkereketwa anayetoa machozi kwa ajili ya sabuni wala haki. Khabari ikawa habari, kheri ikawa heri, na leo anayeikaza kh katika salamu huonekana ndiye anayejitia makuu. Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote ni neno ambalo kila mkereketwa hulishika mkononi. Kitabu ni neno la Kiarabu, na ile ki ya mwanzoni ni sehemu ya mzizi. Haina uhusiano wowote na ngeli. Waswahili waliisikia kwa masikio ya Kibantu, wakaidhania kiambishi, wakazaa vitabu. Vivyo hivyo kibiriti kikazaa vibiriti, na kilabu, lililotoka kwa Mwingereza, likazaa vilabu. Huko Tanzania dereva hutakiwa azunguke kipilefti, na vipilefti vikiwa vingi humchosha. Lau wakati huo kungalikuwa na kikao cha wakereketwa wa Kiarabu katika mji wa pwani, bila shaka wangalicheka usiku kucha kumsikia Mswahili akisema vitabu. Mwalimu anayechekwa leo kwa kusema "vitabu zimefika" amekosea upatanisho wa neno ambalo wingi wake wenyewe ulizaliwa na kosa.

Mkereketwa atajibu kwamba hayo ni ya kale, na kwamba leo kuna Kiswahili sanifu ambacho kila mtu hujua kilipo. Ni kweli kipo. Jinsi kilivyopatikana ndilo jambo lisilotajwa katika vikao hivyo. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika Mombasa mwaka 1928. Yaani watu waliketi katika mji wa Muyaka bin Haji, wakaamua kwamba lugha ya mji huo isiwe kipimo. Kamati ya lugha iliyofuata mwaka 1930 ilikuwa mikononi mwa maofisa wa elimu na wamisionari wa Kizungu, na katika miaka yake ya mwanzo Waswahili wenyewe hawakuwa wajumbe. Kamati hiyo ndiyo iliyokagua vitabu vya shule, ikarekebisha tahajia na kuamua lipi liandikwe na lipi lisiandikwe. Shihabuddin Chiraghdin, mwana wa Mombasa aliyekisomesha Kiswahili maisha yake yote, na ambaye Historia ya Kiswahili aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala ilitoka mwaka 1977 yeye akiwa amekwisha fariki, hakuchoka kulalamikia jinsi lahaja za kaskazini zilivyowekwa kando.

Tokea hapo, mtoto wa Kimvita aliyesema nti, ndia na ndaa kama walivyosema mababu zake aliingia darasani akaambiwa kwamba maneno sahihi ni nchi, njia na njaa. Hata kitendo chenyewe kinachojadiliwa hapa hakikusalimika, maana Mmvita na Mwamu hawacheki, bali huteka. Ikiwa Mswahili wa Mombasa anaweza kukosolewa Kiswahili chake ndani ya Mombasa, basi neno kosa halina budi kutamkwa kwa unyenyekevu kidogo.

Na kipimo hicho kinaweza kugeuzwa kikampima mpimaji. Mkereketwa wa Nairobi anayejivunia matamshi yake hutamka paa la nyumba na paa wa mwituni kwa namna moja. Katika Mji wa Kale wa Mombasa hayo ni maneno mawili: p ya mnyama hutoka na pumzi, ile ya nyumba haina. Kaa la moto na kaa wa baharini hutofautiana vivyo hivyo. Aidha, Kimvita hutenganisha t inayotamkwa ulimi ukigusa meno na ile ambayo ulimi hugusa ufizi. Tahajia iliyosanifishwa haikuziandika tofauti hizo, na mamilioni waliojifunza Kiswahili kwa kitabu hawakuzisikia kamwe. Kwa sikio la bibi mmoja wa Kibokoni, mkereketwa naye anashrabu. Bibi huyo kwa kawaida hamcheki. Humwongezea kahawa.

Kuna utani mwingine unaopendwa sana katika vikao hivi, na ambao kwa bahati mbaya umepenya hadi katika insha za wanafunzi: kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo. Wakenya ndio huurudia kwa furaha kuu, wakijitukana wenyewe. Lakini Pate, Lamu na Mombasa ziko nchi gani? Utendi wa Tambuka, ambao hati yake mashuhuri ina tarehe ya mwaka 1728, ulitungwa Pate, miaka 200 kamili kabla ya mkutano wa Mombasa kukichagua Kiunguja. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973, imeandikwa kwa Kimvita kutoka jalada hadi jalada, na mwaka 1974 ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ugonjwa wa namna hiyo kila lugha ingeuomba. Tena huyo anayedaiwa kufia Uganda aliandikwa katika katiba ya nchi hiyo mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Anayerudia utani huu anasahau mpaka wa nchi yake ulipo.

Kuhusu sarufi, jambo ni gumu zaidi, na hapa mkereketwa ana haki ya kusikilizwa. Lugha isiyo na upatanisho wa kisarufi, atasema, si Kiswahili tena. "Kitabu yangu imepotea", "vitu zangu zimeibiwa", "viti zote": ni nini hiki kama si kuvunja nyumba nzima? Lakini mtu akisikiliza kwa makini lugha ya mitaa ya Nairobi, atagundua kwamba huyo huyo anayesema "viti zimevunjika" hasemi "watoto zimelala". Watoto, kwake, wamelala, siku zote. Viumbe vyenye uhai vina upatanisho wao, na vitu visivyo na uhai vimekusanywa katika upatanisho mwingine mmoja, i kwa umoja na zi kwa wingi. Huo ni mfumo, tena ni mfumo uliokwisha anzwa na Kiswahili sanifu chenyewe. Kiboko ana ki mwanzoni mwa jina lake, ilhali hakuna mwalimu atakayekubali "kiboko kimelala". Kiboko amelala, na viboko wamelala. Simba hana m wala wa, lakini simba wamekuja. Kwa maneno mengine, Kiswahili sanifu kilikwisha amua kwamba uhai una nguvu kuliko kiambishi cha nomino. Nairobi imelichukua wazo hilo hilo ikalipeleka mbele hatua moja, kwa vitu visivyo na uhai. Mtu anaweza kuichukia hatua hiyo. Anaweza kuikataza katika mtihani, na ni haki yake. Asichoweza ni kuiita ovyo.

Tena huyo anayefuata kanuni bila kupotoka naye huchekwa. Mwanafunzi amefundishwa kwamba uhai hutawala, akasema rafiki wangu na ndugu wangu wote. Hapo huambiwa kwamba la, ni rafiki yangu na ndugu zangu, kwa sababu mazoea yametaka hivyo. Vivyo hivyo umbo la "nilikuwanga" na "huendanga", ambalo kwa wakereketwa ni kilele cha ushenzi, ni la watu wanaotafuta kiambishi cha mazoea kikae mwishoni mwa kitenzi, mahali ambapo lugha nyingi za Kibantu hukiweka. Waluhya wanacho katika lugha zao, na Wakikuyu wana chao. Walipokikosa katika Kiswahili walikileta kutoka nyumbani, kama vile Mswahili alivyoleta ki na vi zake katika kitabu cha Mwarabu.

Hata hivyo, kama kuna makosa yanayostahili kuchekwa, yapo, na yapo mahali pa juu. Sikiliza taarifa ya habari ya jioni. Mkutano "umechukua nafasi" katika ukumbi fulani. Katika Kiswahili, mkutano hufanyika. Anayechukua nafasi ni mtu aliyewahi kiti. Kiongozi naye husimama akasema kwamba "mwisho wa siku" wananchi watafaidika, na msikilizaji aliyezaliwa na lugha hii huachwa akijiuliza ikiwa faida hiyo itafika kabla ya magharibi au baada yake. Afisa huandika "hii ni kumaanisha kwamba" pale ambapo yaani ingemtosha. Wapo wanaosema "ambaye kwamba", kama kwamba kimoja kati ya viunganishi hivyo kimeajiriwa kumlinda mwenzake. Hayo hayatoki kwa bawabu. Bawabu hajui Kiingereza cha kutosha kukosea hivyo. Yanatoka kwa watu waliosoma, wanaolipwa ili watumie lugha, na ambao mawazo yao huundwa kwanza katika sentensi ya Kiingereza kisha yakavishwa kanzu. Matamshi yao ni safi, r na l zao ziko mahali pake, na kwa hivyo hakuna anayecheka. Mkereketwa mwenyewe, akiombwa kutoa shukrani mwishoni mwa kongamano, husimama akasema kwamba angependa "kuchukua nafasi hii".

Hapa ndipo siri ya kicheko inapofichuka. Kama kingekuwa kinachekea madhara yanayoipata lugha, kingewaandama watangazaji na mawaziri, kwa sababu sentensi moja ya taarifa ya habari hufika katika nyumba nyingi kuliko sentensi zote za bawabu katika umri wake. Badala yake hushuka ngazi. Humcheka mlinzi, mpishi, mchuuzi wa mboga, mama aliyeitwa shuleni. Kisa cha mwanasiasa na "kula" ndicho kicheko pekee kilichopata kupanda juu, nacho kilipanda kwa sababu wananchi waligundua kwamba huenda mheshimiwa hakukosea neno.

Sanaa ya maigizo nchini imekula sana kutoka katika sahani hii, na wahakiki wameiacha ile kimya kimya. Katika tamthilia nyingi za mashindano ya shule, na katika michezo ya redio na televisheni, mhusika anayebadilishana r na l hana haja ya kuelezwa zaidi; hadhira imekwisha ambiwa kwamba ni mjinga. Daktari na profesa wa jukwaa hilo hilo huzungumza kama kamusi, kana kwamba wao hawakunyonya lugha yoyote utotoni. Huu ni uvivu wa uandishi, na uvivu huo unaweza kupimwa kwa kuutazama ufundi wa kweli. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015 na ambaye Kenya nzima ilimjua kama Mzee Ojwang' katika Vitimbi, alikuwa Mkikuyu. Kiswahili chenye mahadhi ya Kijaluo alichokisema kwenye skrini hakikuwa cha nyumbani kwao. Alikisikiliza, akajifunza, akakitamka kwa uthabiti kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini kwamba ni Mjaluo. Hakuchanganya jamii tatu katika kinywa kimoja. Wala Ojwang' hakuchekesha kwa sababu ya s na z zake peke yake. Alichekesha kwa kiburi chake, kwa hila zake zinazomgeukia, kwa ndoa yake na Mama Kayai. Ondoa matamshi na mzee bado yuko. Ondoa matamshi katika bawabu wa tamthilia ya kawaida na hakuna kinachobaki jukwaani ila kofia.

Inaweza kudaiwa kwamba makala haya yanataka walimu waache kusahihisha. La hasha. Kiswahili sanifu kinahitajika kwa sheria, kwa vitabu, kwa mitihani, kwa mawasiliano ya Mkenya na Mtanzania na Mkongomani, na mtoto asiyefundishwa amenyimwa haki. Lakini kusahihisha ni kazi yenye mwanzo na mwisho: mwalimu huonyesha umbo la kanuni, hueleza linatumika wapi, humpa mwanafunzi nafasi ya kujaribu tena. Kicheko hakina sehemu ya pili. Humwambia mtu kwamba amekosea bila kumwambia alichokosea, na mara nyingi bila ya anayecheka kukijua. Ni kejeli kubwa kwamba mwanafunzi wa sekondari hutahiniwa isimujamii, akaeleza vizuri kabisa jinsi lugha ya kwanza inavyoathiri ya pili, akapata alama zake, kisha akatoka nje ya chumba cha mtihani akachekwa kwa kuwa mfano wa jibu lake.

Madhara yenyewe yamekwisha onekana. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye aseme "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" alichinjwa, na idadi iliyoandikwa ni watu 42,000. Tofauti ilikuwa ya sh na s, ile ile inayoigizwa kwenye chai. Hakuna anayedai kwamba chai ni kivuko. Lakini Kenya nayo, mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilikuwa na vizuizi barabarani ambako jina na lugha ya msafiri vilikuwa na uzito kuliko safari yake. Kuwazoeza watu kusikiliza kabila katika kila neno, hata kwa furaha, ni kuwapa ustadi ambao hauchagui siku ya kutumiwa.

Madhara ya kila siku ni ya kimya zaidi. Mtu aliyechekwa mara mbili haongei mara ya tatu, au huongea kwa lugha nyingine. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta alipoagiza Bunge litumie Kiswahili, wabunge waliozoea kunguruma kwa Kiingereza walijikuta wakipapasa maneno, nayo nchi ikawacheka. Haikupita miaka mingi Kiingereza kikarudi ukumbini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mlango uko wazi kabisa. Lakini Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka mbunge aliyeanza hotuba yake kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo hiyo. Mbunge wa bara, mwenye hoja nzito kuhusu maji au barabara za wapiga kura wake, husimama akiyajua hayo. Anajua kwamba akianza kwa Kiswahili hataweza kukimbilia popote neno likimkwama, kwamba kamera zinamtazama, na kwamba l moja ikikaa pa r, hoja ya maji itasahauliwa jioni hiyo na l ndiyo itakayozungushwa nchi nzima. Huvuta pumzi, akamwambia Spika kwa Kiingereza kwamba anashukuru kupewa fursa. Kesho yake, katika kikao cha wakereketwa, chai ikishamiminwa, mmoja huuliza kwa uchungu wa kweli ni kwa nini wabunge wa Kenya hawakipendi Kiswahili.